Kitalu cha katikati ya Tabora: namna ya kujua kilikuwa nini kabla ya kukatwa fremu

Ukitaka kujua jengo la zamani la mjini limetumikaje, anzia uani. Mbele hudanganya. Kila mpangaji hupaka rangi yake na kubandika bango lake, na kampuni za simu nazo zimezipaka kuta nyingi rangi zao. Uani hakuna anayehangaika na rangi. Huko utakuta jiko lenye masizi mpaka kwenye kenchi, mlango uliozibwa kwa tofali za aina nyingine, na choo kilichohamishwa zaidi ya mara moja. Vitalu (mafungu ya viwanja) vya Tabora mjini, hasa vile vilivyo kati ya stesheni na soko kuu, vimebadilishwa matumizi mara nyingi kuliko wapangaji wa leo wanavyodhani, na karibu kila badiliko limeacha alama unayoweza kuipima kwa futikamba.

Majengo haya yanabomolewa upesi, na wengi wanaoyabomoa au kuyakata fremu (vyumba vidogo vya biashara vya kupangisha) hawajui wanachokigusa. Ndiyo maana naingia kwenye vipimo.

Kabla ya reli, Tabora haikuwa mji wa vitalu. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, jina la Tabora la wakati huo, Novemba 1857 walikuta makazi ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili yaliyotawanyika, kila tembe na shamba lake. Tembe lilikuwa jengo la pembenne: vyumba vimeuzunguka ua, kuta nene za udongo, paa bapa la miti iliyofunikwa udongo, mlango mmoja mkubwa na baraza mbele yake. Ua ndio uliokuwa ghala. Humo zilikaa pembe za ndovu, majora ya nguo, shanga na chumvi ya Uvinza, na humo humo walikaa watu waliofungwa minyororo wakisubiri msafara wa pwani. Tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872, limekarabatiwa na sasa ni makumbusho. Nenda ukalipime kwanza. Ukishazoea unene wa ukuta wake na jinsi vyumba vinavyoutazama ua, utaanza kuitambua mipango ya aina hiyo mjini hata pale paa limekuwa la bati na mbele kuna duka la vipuri vya pikipiki.

Reli ilifika kutoka Dar es Salaam mwaka 1912, ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914. Hapo ndipo mji ulipogeuza uso. Mteja wa msafara alikuja kwa miguu na kulala siku nyingi, kwa hiyo biashara ilihitaji ua mkubwa na nafasi ya kupikia watu wengi. Mteja wa treni hushuka saa inayojulikana, huenda moja kwa moja sokoni, na anataka kuona bidhaa akiwa bado barabarani. Ua ukapoteza thamani, upana wa mbele ukapanda. Hoteli ya reli iliyojengwa enzi za Wajerumani, ambayo leo inajulikana kwa jina la Orion, iliwekwa kwa ajili ya mteja huyo wa pili. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, reli hiyo hiyo ilitoa mfano mkali zaidi wa jengo kubadilishiwa kazi: mwaka 1916 karakana ya reli ya huku Tabora iligeuzwa kiwanda cha sarafu, ikapiga rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo pamoja na sarafu ndogo za shaba. Septemba 19 mwaka huo huo jeshi la Wabelgiji likaingia mjini.

Waingereza walipotulia, na hasa baada ya tawi la Mwanza kukamilika mwaka 1928, Tabora ikawa njia panda ya reli. Maduka mengi yenye umbo tunaloliona leo ni ya kipindi hiki. Mbele kuna baraza lenye nguzo, kisha chumba cha duka, kisha vyumba vya familia, kisha ua wenye jiko na stoo, na mwisho choo kilichoegemea kichochoro cha nyuma. Baraza lilikuwa na uchumi wake peke yake: fundi cherehani alikaa hapo, mwenye duka akauza kitambaa, na mteja akaondoka na suruali. Nyuma ziliingia asali, nta, karanga na ngozi kutoka vijijini. Duka lilikuwa na milango miwili ya biashara, mmoja wa kuuza na mwingine wa kununua.

Sasa shika futikamba. Viwanja vya zamani vilipimwa kwa futi, kwa hiyo namba zisizonyooka kwenye ramani ya leo ni ushahidi. Ukikuta upande wa mita 15.24, hiyo ni futi 50 kamili. Mita 30.48 ni futi 100, na 12.19 ni futi 40. Kiwanja chenye mita 15 au 20 kamili kimepimwa baada ya nchi kuhamia kwenye mita, au kimegawanywa upya. Mara nyingi utakuta upande mmoja una futi kamili na mwingine mita kamili. Hapo mpaka mmoja ni wa awali na mwingine umesogezwa. Fuata ule wa mita, utakuta ukuta wake ni mpya.

Pima na tofali pale lipu ilipobanduka. Kanuni ya Ujerumani tangu 1872 ilikuwa tofali ya sentimita 25 kwa 12 kwa 6.5. Ya Kiingereza ilikuwa inchi 9 kwa 4 na nusu kwa 3, yaani karibu sentimita 23 kwa 11.4 kwa 7.6. Tofali za kuchoma za hapa nyumbani hazifuati kanuni yoyote, kwa hiyo usihukumu kwa tofali moja. Pima kumi, ukiziona zinakubaliana zote ndipo useme kitu. Tofali za saruji za inchi 6 kwenye ukuta wa udongo karibu kila mara ni kiraka: mlango uliozibwa au kona iliyowahi kuanguka.

Hesabu na ngazi za baraza. Hiki ni kipimo ninachokiamini sana, na watu wachache hukitumia. Barabara ikifanyiwa matengenezo huwekwa tabaka juu ya tabaka, ilhali baraza halipandi. Duka lililojengwa na ngazi tatu leo linaweza kuwa na moja, au likawa sawasawa na lami. Chimba kidogo pembeni mwa baraza, sentimita 40 zinatosha, utakuta ngazi zilizofukiwa. Zikipatikana, ujue maji ya mvua ya Novemba hadi Aprili yanaingia kwenye msingi uliojengwa ukae juu yake, na hapo unyevu wa ukuta umepata maelezo.

Mwaka ulioandikwa kwa saruji juu ya paji la jengo, yaani sehemu ya juu ya ukuta wa mbele, usiuamini haraka. Ni mwaka wa paji. Nyuma yake panaweza kuwa na kuta za udongo za miaka mingi kabla ya hapo, zilizovalishwa sura mpya mwenye duka alipopata fedha. Dari likiwa wazi, panda juu uangalie ukuta wa mbele unavyokutana na kuta za pembeni. Zikiwa zimefumana tofali kwa tofali, zilijengwa pamoja. Kukiwa na mstari ulionyooka kutoka chini hadi juu, mbele ililetwa baadaye.

Milango nayo iangalie. Fremu za milango za mninga za zamani hudumu kwa sababu kiini cha mninga mchwa hakimpendezi. Ile sehemu ya nje yenye rangi nyeupe hailindwi hivyo, na huliwa upesi. Ukikuta fremu ambayo makali yake yamekuwa unga lakini katikati ni ngumu kama siku ya kwanza, usiitupe. Randa sentimita mbili za nje, uirudishe mahali pake.

Mpaka hapa nimezungumzia vitu. Lakini sababu kubwa ya vitalu vya Tabora kugeuka katika miaka ya 1960 na 1970 haionekani ukutani, imo kwenye sheria. Mwaka 1963 umiliki wa ardhi wa moja kwa moja ulifutwa na kugeuzwa ukodishaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 ukodishaji huo ukawa haki ya kumiliki kama tunayoijua. Kwa hiyo hati ambayo muda wake unaishia 2062 inakudokeza kwamba kiwanja kilikuwa cha umiliki kamili kabla ya 1963, na umiliki wa namna hiyo kwa sehemu kubwa ulianzia kwa Wajerumani. Kisha ikaja sheria ya 1971 ya kutwaa majengo. Nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambazo mwenyewe hakuzikalia zote zilichukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Familia nyingi za wenye maduka ziliondoka nchini, na mahali palipokuwa na familia moja, duka mbele na vyumba nyuma, pakaingia wapangaji watatu au wanne wasiojuana. Hapo ndipo utakuta mlango wa kati ya duka na nyumba umezibwa, jiko la pili limeongezwa uani, na ngazi ya nje imejengwa ili anayekaa juu asipite dukani.

Maduka yenyewe yakafuata. Kampuni za biashara za mikoa zilichukua biashara ya jumla, na mwaka 1976 Operesheni Maduka ikafunga maduka ya watu binafsi ili nafasi yake ishikwe na maduka ya ushirika na ya vijiji. Chumba cha duka kikawa ghala, ofisi, au kikafungwa tu. Biashara ilianza kulegezwa mwaka 1984, lakini kilichorudi si duka la zamani. Ilirudi fremu: chumba kidogo, kodi ya miezi sita au mwaka mbele, na kilemba, yaani fedha za kuachiwa chumba, kwa anayetoka. Mwaka 1990 Msajili wa Majumba alifutwa na majengo yake yakapewa Shirika la Nyumba la Taifa. Jengo likiwa la Shirika, mpangaji hana ruhusa ya kuvunja hata ukuta wa choo bila kibali chake, na fremu nyingi zilizokatwa kienyeji ndani ya majengo hayo zimeishia kwenye migogoro.

Kwa karatasi, anza na namba ya kiwanja na kitalu, kisha omba upekuzi wa daftari la hati kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa. Upekuzi unaonyesha mmiliki, muda, masharti ya matumizi na mikopo iliyowekwa. Omba pia ramani ya upimaji na mchoro wa mipangomiji. Ramani za nchi za kipimo cha 1:50,000 hazitakusaidia, kwa sababu mita 100 za mtaa huwa milimita mbili tu kwenye karatasi. Tafuta za 1:2,500, ambazo mita 100 zile zile ni sentimita nne, na jengo moja moja linaonekana. Majengo yaliyotwaliwa 1971 yalitangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zinatunza majalada ya Wajerumani na ya Waingereza.

Wazee ni muhimu kuliko majalada, ila wengi huulizwa vibaya. Ukishaamkia na kukaa, usimwulize bibi mwaka. Muulize kama ilikuwa kabla ya vita vya Kagera au baada yake, kama foleni za sabuni zilikuwa zimeanza, kama duka lilikuwa bado la ushirika, kama treni ya abiria ilikuwa bado inatoka Dar au ilikuwa inaanzia Dodoma baada ya mafuriko ya Kilosa ya mwisho wa 2009. Muulize choo kilikuwa wapi na maji yalichotwa wapi. Watu husahau jina la mwenye nyumba, lakini hawasahau walikokuwa wakienda usiku na mvua inanyesha.

Na choo kinaeleza mengi. Katika miji ya wakati wa Waingereza vichochoro vya nyuma viliachwa kwa ajili ya usafi, na vyoo vya ndoo vilitolewa huko usiku. Angalia chini ya ukuta wa nyuma: shimo dogo la mraba lililozibwa, karibu na usawa wa ardhi, ndilo lililokuwa mlango wa ndoo. Baadaye lilichimbwa shimo la choo uani. Kichochoro kikakosa kazi, na wenye viwanja wakajenga stoo ndani yake. Leo gari la kunyonya maji taka haliwezi kufika nyuma, na mpira wake ukipitishwa dukani hautoshi au mwenye fremu anakataa. Usiziweke stoo hizo kwenye ramani kama sehemu ya kiwanja. Kichochoro kwa kawaida ni cha umma, na siku mtaro ukizibuliwa zitavunjwa bila fidia.

Pale fremu zinapokatwa

Hapa ndipo majengo yanapokufa, na hufa kwa sababu zinazofanana. Chukua mbele ya futi 50, yaani mita 15.24. Toa kuta mbili za pembeni za udongo, sentimita 45 kila moja, zinabaki mita 14.34. Mwenye jengo anataka fremu tano, kwa hiyo anaongeza kuta nne za kugawa za sentimita 15, ambazo zinachukua sentimita 60. Kila fremu inapata karibu mita 2.75. Kila moja inawekwa mlango wa chuma wa mita 2.4, kinabaki kipande cha kama sentimita 17 kila upande. Jumlisha vipande viwili na ukuta wa kati: paa lote la mbele sasa limekaa juu ya nguzo za udongo zenye upana wa karibu nusu mita. Zamani ukuta huo ulikuwa na milango ya upana wa mita moja na ushee, na kati yake ukuta mzima. Nyufa za mshazari kutoka kona za juu za milango ndiyo dalili ya kwanza. Ya pili ni milango kukaza.

Ikibidi kukata, usikate nafasi mbili zinazopakana kwa wakati mmoja. Kata ya kwanza, ya tatu na ya tano, kisha rudi kwenye zilizobaki. Kabla ya nyundo ya kwanza, simamisha mirunda chini ya kenchi ndani na nje ya ukuta, juu ya mbao pana ili isizame sakafuni. Linta (boriti ya juu ya mlango) ya zege ipite ukingo wa mlango angalau sentimita 20 kila upande, na hiyo tayari inakuambia kwamba kipande cha sentimita 17 hakitoshi. Kata fremu nne badala ya tano, au jenga nguzo za zege zenye nondo kutoka kwenye msingi wake. Zege la kawaida la linta huchanganywa ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Ukubwa wa nondo aupange mhandisi kwa kuangalia uzito wa juu. Mwagilia zege asubuhi na jioni kwa siku saba, na mirunda isiondolewe kabla ya siku 14. Mafundi wengi huiondoa siku ya nne kwa sababu inahitajika kwingine. Kwenye ukuta wa udongo, hapo ndipo linta hupinda na kubaki imepinda.

Kosa la pili ni lipu ya saruji. Ukuta wa udongo hupitisha unyevu. Ukiuvalisha saruji, maji yanayopanda kutoka chini hayana pa kutokea, udongo wa ndani huwa uji katika nusu mita ya chini, na lipu hudondoka ikiwa imeshika udongo nyuma yake. Mwenye duka akiona hivyo huongeza saruji, na tatizo linapanda juu zaidi. Ondoa saruji yote ya chini, acha ukuta ukauke kiangazi kizima, kisha piga lipu ya chokaa na mchanga, moja kwa tatu. Toa kwanza maji ya barabarani kwa mtaro, la sivyo chokaa nayo haitadumu.

La tatu ni mzigo wa uani. Shimo lililochimbwa kwa familia ya watu wanane, tuseme lita 80 kila mtu, lilipokea lita 640 kwa siku. Weka saluni moja na mama ntilie mmoja kwenye fremu za mbele, pamoja na wateja wao, na kiasi hicho hupitwa bila shida, huku mafuta ya jikoni yakiziba udongo unaotakiwa kunyonya. Pangisha mama ntilie kwa sharti la chemba ya kunasa mafuta kabla ya shimo, na isafishwe kila wiki.

Kisheria, hati iliyoandikwa makazi haikuruhusu kugeuza nyumba kuwa safu ya fremu. Ombi la kubadili matumizi hupelekwa halmashauri, chini ya Sheria ya Mipangomiji ya 2007, na kibali cha ujenzi huombwa peke yake. Kodi ya pango la ardhi hutozwa kwa mita ya mraba kulingana na matumizi, kwa hiyo itapanda. Ihesabu kabla hujapanga kodi ya fremu. Na fahamu kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863 tu. Jengo la Mjerumani au la Mhindi halina ulinzi mpaka litangazwe. Naliona hili ni pengo kubwa kwa mji kama Tabora, ambao karibu majengo yake yote yenye thamani ni ya baada ya mwaka huo.

Kwenye mitaa ya makazi ya Isevya na Ng'ambo mambo ni tofauti kidogo. Huko jengo ni nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani jiko na choo. Fremu huanza kwa kukata dirisha la chumba cha mbele kuwa mlango, na kwa kuwa chumba kina upana wa kama mita tatu, mlango wa mita 1.2 unatosha na ukuta haudhuriki. Ukiacha mlango wa zamani wa kuelekea ukumbini ukiwa umefungwa kwa mbao badala ya kuuziba kwa tofali, chumba kitarudi kuwa cha kulala siku biashara ikihama. Nayo huhama: reli mpya ya kisasa inajengwa kufika Tabora na kuendelea Isaka na Kigoma, na abiria wake watakaposhukia ndiko fremu zitakakoanza kukatwa. Mwenye nyumba karibu na huko apime kiwanja chake sasa, achore kila ukuta na unene wake, apige picha za kila chumba pande zote nne na uani pia, na nakala moja aiache ofisi ya mtaa.